Aliyeuza Nyumba Akabaki na Ufunguo

Wafanyabiashara wa mwambao, tangu enzi za majahazi ya kusi na kaskazi, walitofautisha mambo matatu bila ya kuhitaji mwanasheria: kuuza, kukodisha na kuweka rehani. Aliyeuza kitu amekitoa mkononi, na neno lake juu ya kitu hicho limekwisha. Aliyekodisha yungali mwenye mali, na mpangaji analijua hilo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana hatoboi ukuta bila ya ruhusa. Aliyeweka rehani ana siku yake ya kulipa na kukomboa. Kila mkataba kati ya hii mitatu una heshima yake, maadamu unaitwa kwa jina lake. Aibu huanza pale mtu anapouza nyumba kwa bei kamili, akapokea fedha na kutia saini, kisha akabaki na ufunguo wa pili mfukoni, na usiku akarudi kuhamisha vyombo.

Muuzaji wa namna hiyo, mtaani, angeitwa tapeli, na wazee wa barazani wangemsuta mchana kweupe. Lakini katika biashara ya simu, vitabu vya kielektroniki, muziki wa intaneti na vyombo vinavyosemwa kuwa vina akili, muuzaji huyo huitwa mvumbuzi, na watu hupanga foleni kungojea toleo lake jipya. Hoja ya makala haya ni moja. Teknolojia inayouzwa kwa watu wa kawaida inaelekea mahali ambapo mlaji atalipa bei ya mnunuzi na kupata haki za mpangaji. Na msiba wa kwanza wa safari hiyo umelipata neno lenyewe, "kununua", ambalo linatolewa kiini likabakishwa ganda.

Mwezi wa Julai 2009 ulileta mambo mawili yanayostahili kukumbukwa pamoja. Tarehe 23 ya mwezi huo ulianza kazi mkongo wa baharini wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam, na pwani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitegemea satalaiti kwa gharama kubwa, ikaunganishwa na dunia kwa waya wa nuru. Furaha iliyokuwapo ilikuwa ya haki. Siku chache kabla yake, huko Marekani, wasomaji waliokuwa wamenunua riwaya mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm, ili wazisome katika Kindle, chombo cha kampuni ya Amazon, walikuta vitabu vyao havimo. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Ikavifuta kutoka mbali, ndani ya vyombo vya watu, na kuwarudishia fedha zao. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika maelezo ya masomo yake juu ya kurasa hizo alibakiwa na maelezo yasiyo na kitabu cha kueleza. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani, na siku aliyoiomba ilikuwa ni hiyohiyo tarehe 23 Julai.

Basi siku ambayo pwani ilifunguliwa mlango wa dunia ya kielektroniki, ndiyo siku ambayo bwana mmoja wa dunia hiyo alikiri kwamba wafanyakazi wake huweza kuingia katika rafu ya msomaji bila ya kupiga hodi. Na ilinganishwe hali hiyo na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyohiyo ya pili, iliyofanywa na Fortunatus Kawegere na kuchapwa Nairobi mwaka 1967. Nakala zake zilizobaki, zilizochakaa majalada na kuliwa pembe, zingali zinasomeka. Hata kama ungezuka ugomvi wa haki za kunakili, hapana mchapishaji ambaye angeweza kuingia katika nyumba elfu kwa usiku mmoja na kuzichukua.

Watetezi walisema kuwa lile lilikuwa kosa la mara moja. Miaka iliyofuata imewajibu. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vyote vilivyokuwa vimenunuliwa humo vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, naam. Lakini msomaji hakwenda dukani kununua fedha. Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyomwezesha mteja kukishusha kitabu alichokilipia katika kompyuta yake na kukihamisha kwa waya. Mlango mdogo uliokuwa umebaki kwa mwenye nyumba ukatiwa komeo, na komeo liko upande wa nje.

Pengine msomaji atasema kwamba vitabu hivyo ni hewa, na mtu asishangae hewa ikipotea. Chombo kinachoshikika ni mali ya aliyekinunua. Laiti ingekuwa hivyo. Mnamo Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza mwendo wa simu ambazo betri zake zimezeeka. Sababu yake ilikuwa na mantiki: kuzuia simu isizimike ghafla. Kosa ni kwamba mwenye simu hakuambiwa, akadhani simu yake imekufa, akaenda kununua nyingine wakati ambapo betri mpya ingemtosha. Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020, na kosa lililotajwa ni kunyamaza huko.

Mwaka 2022 ilijulikana kwamba BMW, watengenezaji wa magari wa Ujerumani, katika baadhi ya nchi walikuwa wakitoza ada ya kila mwezi ili viti vya gari vipate joto. Mitambo ya kupasha joto ilikuwa tayari imo ndani ya viti, imeshalipiwa pamoja na gari, imefungwa kwa programu tu. Watu walipiga kelele, na mwaka uliofuata kampuni ikarudi nyuma. Huku visiwani hapana anayehitaji kiti cha moto, na wengi watacheka. Lakini fikra iliyo ndani ya kiti hicho haina baridi wala joto. Inasema kwamba kitu kinaweza kuwa nyumbani kwa mtu, kikawa kizima, kikawa kimelipiwa, na bado kikawa si chake.

Mwisho wa fikra hiyo umeshaonekana. Aprili 2024 kampuni ya Marekani iitwayo Humane ilianza kuwafikishia wateja chombo kidogo cha kubandika kifuani, chenye akili mnemba, kilichosifiwa kuwa kingechukua nafasi ya simu. Bei yake ilikuwa dola 699, na juu yake ada ya dola 24 kwa mwezi. Haukutimia mwaka. Februari 2025 sehemu kubwa ya mali za kampuni ilinunuliwa na HP, na tarehe 28 ya mwezi huo vyombo vyote vikakatiwa mawasiliano na makao yaliyokuwa yakivipa akili. Havikuharibika, betri zilichajika na taa ziliwaka. Ila akili yao haikuwahi kukaa kifuani mwa mnunuzi. Ilikaa kwa muuzaji, na muuzaji alipofunga duka aliondoka nayo. Vyombo vingi vya akili mnemba vinavyonadiwa leo vina umbo hilohilo: mwili kwa mteja, roho kwa kampuni.

Hapa upo mfano wa karibu, na ni mfano wenye funzo la ajabu. Mwaka 2020 Safaricom na Google zilizindua nchini Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao ulimpa mtu simu ya 4G kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku. Asiyelipa, simu yake hufungwa kutoka mbali, ikawa jiwe mkononi mpaka alipe. Wapo waliouita mpango huo ukatili kwa maskini, na hapana ubaya kuujadili hivyo. Lakini upimwe kwa mizani ya wafanyabiashara wa zamani. Mkataba ule ni rehani, na unajulikana kuwa ni rehani. Mchukuzi wa bandarini Mombasa anaijua shilingi yake ya mwisho. Akishailipa, kufuli linaondoka. Tajiri wa London aliyelipa fedha taslimu siku moja kwa chombo cha bei mara kumi hana shilingi ya mwisho. Kufuli lake halina tarehe. Maskini amepewa deni lenye kikomo, na tajiri ameuziwa utumwa mdogo usio na kikomo, kisha akashukuru kwa risiti.

Kufuli hilo linawafika na mafundi. Darajani mjini Unguja, na Kariakoo ya Dar es Salaam, wamekaa vijana wenye meza ndogo, taa na lenzi, wanaofufua simu zilizokwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu. Elimu yao haikutoka katika chuo chochote. Imetoka katika kufungua, kuharibu, kutengeneza na kufungua tena. Visiwa vilivyo mbali na viwanda vimeishi kwa elimu ya namna hiyo, kutoka mashine ya kushonea hadi redio ya mbao. Sasa zipo simu ambazo kila kiungo chake kimefungishwa ndoa na simu moja tu kwa namba ya siri. Fundi akitoa kioo kizima katika simu iliyokufa na kukitia katika simu ya aina hiyohiyo, simu hukataa, au hunung'unika, mpaka kampuni itoe idhini. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia mtindo huo mwaka 2024. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2023, umeagiza kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Wenye viwanda wameiona hatari wakajikinga. Wasio na viwanda, ambao ndio wanaohitaji zaidi chombo kidumu, wamekaa kimya.

Yote haya yana uhusiano gani na jarida la mashairi? Yana uhusiano wa uhai na mauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay akaimba mbele ya mashine ya kampuni ya HMV, na sauti yake ikarudi visiwani katika sahani za santuri. Kampuni ilipata faida yake, na haikuwa kampuni ya hisani. Lakini ilipouza sahani, iliuza. Mwenye santuri aliweza kumwazima jirani, kuipiga harusini, kuiuza, kuirithisha. Leo sahani iliyosalimika hupigwa kwa sindano yoyote, na hapana haja ya kumwuliza mtu Uingereza kama ingali inaruhusiwa kuimba. Kaseti za taarab zilifuata njia hiyo: nakala ya nakala ya nakala, sauti ikififia kila mara, lakini ikifika.

Kabla ya mashine zote hizo, Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Pate na mwaka 1728, ulipita karne kadhaa kwa wino na mikono ya wanakili. Hati za Kiarabu zilizohifadhiwa Zanzibar, ambazo mwaka 2003 UNESCO iliziandikisha katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia, zimefika leo kwa njia hiyohiyo. Mnakili hakuomba leseni kwa mwenye karatasi. Fasihi ya mwambao iliokolewa na watu wengi wasiojuana, kila mmoja akiwa huru juu ya nakala yake. Uhuru huo mdogo wa kila nyumba ndio uliokuwa maktaba.

Sasa na watazamwe malenga wa leo. Beti hutungwa katika simu, hujibiwa katika makundi ya WhatsApp, na majibizano ambayo zamani yangeandikwa katika daftari huishia humo. Malenga akifariki, warithi hupata kanzu, msahafu, na simu iliyofungwa kwa nenosiri. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na namba ya simu huweza kupewa mtu mwingine. Nyimbo alizozilipia kwa ada ya kila mwezi zilikoma siku ada ilipokoma. Vitabu vya kielektroniki alivyoamini kuwa ni vyake, masharti yake mengi yameandika wazi kwamba haki ya kuvisoma haihamishwi kwa mtu mwingine. Elimu ya mirathi ina kipimo rahisi ambacho kampuni zote hizi haziwezi kukikwepa: kisichorithika hakikumilikiwa.

Atatokea mpinzani, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema kwamba kaseti huota ukungu, karatasi huliwa na mchwa, na unyevu wa visiwa umeangamiza hati nyingi kuliko kampuni yoyote. Atasema kwamba kijana wa Micheweni leo hubeba mfukoni vitabu vingi kuliko alivyopata kuviona mudiri wa zamani. Yote hayo ni kweli, na hapana mwenye akili anayetaka kurudi katika utambi wa taa. Lakini mchwa hula nyumba moja, na nakala ya pili huwa imo nyumba ya pili. Mkono wa muuzaji hufika nyumba zote kwa dakika moja. Tena ugomvi si na mashine. Mashine hiyohiyo ingeweza kuuzwa kwa mkataba mwingine, faili likawa la mwenyewe, betri ikabadilishika, chombo kikafanya kazi hata baada ya kampuni kufa. Kilichochaguliwa kimechaguliwa na watu, kwa sababu kodi ya kila mwezi ni tamu kuliko bei ya mara moja.

Atasema pia kwamba mteja alikubali masharti mwenyewe, aligusa palipoandikwa "Nakubali". Masharti gani? Kurasa nyingi za Kiingereza cha mahakamani, ambazo muuzaji amejipa haki ya kuzibadilisha kesho. Fiqhi ya biashara, ambayo watoto wa visiwa husomeshwa, ina jina la mauzo ambayo mnunuzi hajui hasa anachopokea: gharar. Mifano yake ya vitabuni ni samaki aliye bado baharini na ndege aliye angani. Kitabu kinachoweza kuruka kutoka katika rafu wakati wowote apendao muuzaji ni ndege wa aina hiyo, ila yeye amekwisha kulipiwa.

Ndipo hoja inaporudi katika neno. Katika Kiswahili, "bei" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuuza, na katika neno "mnunuzi" imo taswira ya mtu anayeondoka na kitu chake. Jimbo la California lilitambua uzito wa neno hilo katika Kiingereza. Sheria iliyotiwa saini huko mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inamkataza muuzaji wa bidhaa za kielektroniki kutumia neno la kununua bila ya kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu, ila kama bidhaa hiyo hushushwa na kubaki kwa mteja moja kwa moja. Bunge zima limekaa kulinda kitenzi kimoja. Je, Kiswahili hakistahili ulinzi huo?

Kazi hiyo haihitaji kiwanda. Inahitaji watafsiri. Kampuni kubwa zimeshaanza kusema Kiswahili, na kila programu inayotafsiriwa hupitia mikononi mwa mtu anayeijua lugha. Mtu huyo akipewa kitufe cha kutafsiri, na nyuma ya kitufe hapana mauzo, asiandike "Nunua". Lugha ina "kodi", ina "lipia", ina "pata ruhusa". BAKIZA na BAKITA, ambazo zimehangaika kwa haki kutafuta majina ya vyombo, zitoe na mwongozo wa majina ya mikataba, kwani jina baya la chombo huchekesha na jina baya la mkataba hufukarisha. Nao wabunge na wawakilishi waulizwe kwa nini fundi wa Oregon apate kinga ambayo fundi wa Darajani hana.

Na washairi? Wao wasingoje sheria. Shairi lililokamilika litolewe katika simu siku hiyohiyo: nakala moja karatasini, kwa mkono au kwa chapa; nakala ya pili katika faili la kawaida linalofunguka kwa kompyuta yoyote; nakala ya tatu nyumbani kwa mtu mwingine, ikiwezekana mtaa wa pili, na kama ni kisiwa cha pili ni bora zaidi. Vikundi vya taarab viziombe kampuni sauti zao katika faili lisilofungwa, na vikatae kutia saini pale ambapo sauti itabaki kwa mwenye duka peke yake. Anayenunua chombo amwulize muuzaji maswali matatu mbele ya watu: betri hubadilishika? Kitafanya kazi bila ya kampuni? Mwanangu ataweza kukirithi? Muuzaji akishindwa kujibu, apewe bei ya kupanga.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala ni mbaya, wala hawakukataza kuukalia. Walitaka mtu akumbuke kwamba mbacha, pamoja na uchakavu wake, ni wake, na msala una mwenyewe, naye yuko njiani kuja kuuchukua.